Mwalimu na Mababu wa Wamarekani

Sitaanza na alikozaliwa wala baba yake alikuwa nani. Mambo hayo ndiyo aliyotuficha miaka yote, na kazi yake mchana kutwa ilikuwa kutafuta baba za watu wengine. Nikilifikiria hilo kichwa kinaniuma. Nimemjua Mwalimu miaka kumi na minne. Nimemchapia barua, nimemkalisha kwenye duka langu, nimegombana naye mara tatu kwa hasira ya kweli, na hata leo ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani nitakuambia ngoja kwanza. Ila ni yeye aliyempa binti yangu babu, na mpaka sasa sijui nimshukuru kwa hilo au nimshtaki.

Duka langu liko Garsen, hatua chache kutoka stendi. Nina kompyuta tano, na mbili kati ya hizo huwaka zikipenda. Natoa nakala, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za serikali mtandaoni, na joto likizidi nauza maji baridi. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha historia katika shule ya sekondari. Alikuja kila siku baada ya alasiri, amevaa sweta ya kijivu. Garsen hii, jua linapasua mawe, na yeye sweta! Nilipomuuliza alisema, "Mama Zeinabu, huko ninakokwenda ni baridi." Huko alikokwenda ni mashine namba tatu, ile ya dirishani, na kutoka hapo Massachusetts, Virginia na Connecticut, miaka mia tatu na zaidi nyuma.

Ilianza hivi. Zamani alifundisha pamoja na Mmarekani mmoja wa kujitolea. Yule Mmarekani alirudi kwao, akazeeka, akaanza kutafuta ukoo wake, na siku moja akamtumia Mwalimu picha ya wosia wa kale ambao yeye mwenyewe alishindwa kuusoma. Mwandiko ulikuwa umejikunja kama tandu. Mwalimu aliusoma wote kwa siku mbili. "Nimesoma mitihani ya kidato cha kwanza miaka thelathini," alituambia. "Karani wa Massachusetts atanifanya nini?" Habari ikasambaa huko kwao, na baada ya muda watu wasiomjua wakawa wanamwandikia kutoka kila upande wa Marekani: nisomee daftari hili la ubatizo, nitafutie mama wa huyu, huyu alikuja na meli gani. Wote walitaka kitu kimoja, waambiwe kuwa wametoka kwa wale wa mwanzo mwanzo, walioshuka pwani ya Amerika wakati wa ukoloni nchi ikiwa bado msitu.

Hakutaka malipo. Alisema ukilipwa kutafuta babu wa mtu, utampata tu.

Watu wa mji walimwona mwehu kidogo. Mimi pia. Jirani akifiwa, Mwalimu alifika matangani, akakaa mkekani, na kabla ya chai alikuwa ameshauliza jina la mama wa marehemu na la bibi yake. Lakini wewe mwenyewe, mzima, unayempa mashine kila siku, angekuita "mama nanihii". Jina la binti yangu lilimchukua miaka miwili kulishika. Nilimwambia, "Mwalimu, ningekuwa nimekufa Virginia ungenikumbuka." Akacheka mpaka akatoa miwani. Alipenda kutaniwa, hilo nimpe.

Kwa kuwa hakuweza kunyamaza na alichokisoma, duka zima tukawa tunaishi na wale wafu. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye wazazi wake walimpa jina la tabia njema, kama walivyopenda watu wale wa Massachusetts, na Mwalimu alimwita Subira kwa Kiswahili. Huyo Subira alifiwa na mume wa kwanza kwa homa, wa pili akazama mtoni, na kila mara daftari la kanisa lilipofunguka tulimkuta yuko mbioni kuolewa. Madereva wa bodaboda waliokuja kuchaji simu walimuulizia.

"Mwalimu, Subira vipi leo?"

"Ameolewa."

"Tena!"

"Mara ya tatu. Na mwenye shamba jirani yake."

"Aisee, huyo mama ana nyota. Na watoto je?"

"Tisa. Wanne wamekufa."

Hapo kila mtu alisema pole, kana kwamba msiba uko Wema au Chewele, na Subira mwenyewe angepita kesho kununua sukari. Mimi nilitoka Wema, kijiji cha mtoni, na ninajua mama aliyezika wanne. Nilijikuta namhurumia mzungu aliyekufa miaka mia tatu kabla ya mimi kuzaliwa, huku nina foleni ya watu wanaotaka nakala. Niliona upuuzi, lakini nilimhurumia.

Alichora koo zao nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, akaziunga kwa gundi karatasi kwa karatasi mpaka zikawa ndefu kama mkeka wa harusi. Alipozitandaza sakafuni tulilazimika kuruka. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia akatafuna kona moja, familia nzima ya Connecticut ikaenda. Mwalimu hakumpiga mbuzi. Alikaa chini akaanza upya, na jioni akasema, "Ni afadhali. Yule wa juu kabisa nilikuwa nimemkisia."

Kukisia ndiko alikokuchukia kuliko kitu chochote. Msemo wake ulikuwa mmoja, na watoto wa shule waliuiga wakimwona barabarani: "Bila karatasi, hakuna babu." Majina mawili kufanana kwake hakukuwa kitu. Alitaka ubatizo, ndoa, wosia, kaburi. Palipokosekana mojawapo aliweka mstari wa vitone, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: hajulikani.

Kuna tajiri mmoja wa ng'ombe aliyetaka kugombea uwakilishi wa wadi. Alisikia kuwa Mwalimu ni bingwa wa nasaba, akamwendea na ombi: aandikiwe ukoo unaoonyesha kuwa babu yake wa tatu ndiye aliyefungua Garsen, ili ausome kwenye mkutano. Alimletea mbuzi beberu mzuri sana. Wiki iliyofuata Mwalimu alimrudishia beberu, kamba na yote, pamoja na karatasi iliyochapwa dukani kwangu. Jina la tajiri lilikuwa chini, la baba yake juu yake, na juu ya hapo: hajulikani. Tajiri alikuja dukani akafoka nusu saa. Mimi ndiye niliyekemewa, maana wino ulikuwa wangu.

"Lakini kila mtu anajua babu yake!" alisema tajiri.

"Basi kila mtu amwandike," Mwalimu akamjibu, asigeuze hata shingo.

Na yeye je? Mji mzima ulimwita Mwalimu tu, jina lingine hakulitumia. Ukimuuliza wewe ni wa ukoo gani, alisema, "Wa wanaouliza maswali." Waorma, watu wa mifugo, walidhani ni wao, kwa alivyowajua ng'ombe kwa rangi na pembe. Sisi Wapokomo, wakulima wa mtoni, tulidhani ni wetu, kwa alivyokula ndizi mbichi za kupikwa na kutukana kwa Kipokomo bila kukosea. Majina yetu nayo yamechanganyika. Buya yuko huku na yuko kule, Jilo vivyo hivyo. Mwaka ule mambo yalipoharibika kati ya wafugaji na wakulima, walikuja watu kumuuliza yuko upande gani. Alilala shuleni na watoto wa pande zote mbili mpaka kukatulia. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena kwa sauti. Nilidhani ndiyo sababu ya kuficha, lakini wazee wanasema alikuwa hivyo hata kabla. Sijui. Mambo yake mengi ninayamalizia kwa sijui.

Kosa lake kubwa nalijua kwa sababu nililishuhudia. Kulikuwa na mama mmoja wa Ohio aliyetaka kujua asili ya babu yake wa zamani, mwenye kinu cha kusaga, jina lake Samuel. Mwalimu alimtafuta Samuel huyo karibu mwaka. Mwisho akakuta, katika daftari la familia mojawapo ya zile za mwanzo, mtoto Samuel amebatizwa, na babu yake mzaa baba naye ni Samuel. Mwalimu alipiga meza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Ukimkuta Jilo wa Guyo huna haja ya kuuliza, utajua babu ni Jilo. Alipoona mjukuu na babu wamekaa namna hiyo alijisikia yuko nyumbani, na mtu akiwa nyumbani haangalii anapokanyaga. Akamuunga yule mtoto na mwenye kinu, akatuma. Mama wa Ohio alijibu barua ndefu yenye machozi.

Miezi mitatu baadaye alikuwa anasoma ukurasa mwingine kabisa, wa maziko, akakutana na mstari mmoja. Yule mtoto Samuel alikufa ana miaka minne. Mwenye kinu alikuwa Samuel mwingine, asiyejulikana alikotoka.

"Nimemwozesha maiti," Mwalimu alisema. Alirudia mara mbili. Rangi ilimtoka, nikamletea maji, akasahau kuyanywa. Jioni ile ile alimwandikia mama wa Ohio kumwambia ukweli na kumwomba radhi. Jibu lilikuja kesho yake: asante Mwalimu, lakini baba yangu ni mgonjwa wa kitandani, nimeshamsomea ule ukoo na amefurahi sana, tutabaki nao. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mtu hachagui babu kama anayechagua samaki!" Alisema na mimi, na ukuta, na wateja. Nikamwambia huyo mzee atakufa na furaha yake, inakudhuru nini? Akaniangalia kana kwamba nimetapika mezani. Huo ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza.

Lakini kulikuwa na siku nyingine alizofunga mashine mapema. Siku moja nilichungulia nione kimemsibu nini. Ulikuwa wosia wa tajiri fulani wa Virginia. Anagawa mali: vitanda, sufuria, ng'ombe sita, farasi, na halafu, kwenye mstari ule ule wa mifugo, Dina na mtoto wake. Dina, basi. Hana jina la pili, na mtoto hana jina kabisa. Mwalimu aliwatafuta wawili hao wiki nyingi, hakuna aliyemtuma. Alipekua wosia wa majirani, orodha za kodi, madaftari ya kanisa. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda na watu ambao hakuna mjukuu wao anayeuliza.

"Huyu mtoto naye alikuwa na babu," alisema.

"Sasa babu huyo utamtoa wapi?"

"Simtoi mahali. Hakuna karatasi." Alivua miwani akaifuta kwa sweta, akaenda zake nyumbani.

Sasa nifike kwenye letu. Mume wangu aliitwa Guyo, mfugaji kutoka upande wa Bangale. Tulioana bila nyumba yake kupenda wala yangu kupenda, na alikufa kwa maradhi Zeinabu akiwa na miaka mitatu. Watu wake walihama na mifugo mwaka wa ukame, wala hawakutafuta habari zetu. Kitambulisho chake, cheti cha kifo, kila kitu kilikuwa kwenye sanduku la bati nyumbani Wema, na mto ulipofurika ulichukua nyumba na sanduku. Nilibaki na majina mawili kichwani: Guyo wa Jilo. Jilo wa nani, sikuwahi kuuliza. Nani anamuuliza mumewe hivyo? Nilikuwa msichana mwenye mapenzi.

Zeinabu alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, akapata nafasi ya diploma ya upimaji ardhi. Chuo kilitaka kitambulisho. Na wakati huo, kijana wa huku ili apate kitambulisho alipita kwanza mbele ya wazee, ofisini kwa chifu, aulizwe ukoo. Mwalimu alikuwa mmoja wa wazee hao.

Nilikwenda moyo ukiwa mweupe. Nina mtu wangu ndani, nilijiambia. Waliuliza baba, nikajibu. Waliuliza babu, nikajibu. Kisha sauti ikatoka mwisho wa benchi, kavu kabisa: "Jilo wa nani?" Nilipogeuka nilimwona ni yeye, na kalamu mkononi, kama vile hajawahi kunywa maji ya duka langu.

"Sijui, Mwalimu."

Mzee mmoja mfugaji alisema bila ubaya, "Mama, Guyo Jilo wako wengi huko kwetu. Tutajuaje ni yupi?" Wakaniambia nirudi na karatasi au na shahidi.

Nje nilimngoja. Zeinabu alinishika mkono nisimfikie, lakini maneno hayashikwi mkono. "Karatasi imeenda na mto! Unataka niuite mto utoe ushahidi?"

"Mama Zeinabu, nikiandika nisichokijua leo kwa ajili yako, kesho nitamwandikia nani?"

"Wamarekani wana babu mpaka wa kumi. Mwanangu anakosa mmoja!"

Nilimfukuza dukani kwa wiki mbili, na hiyo mashine namba tatu niliifunika kitambaa.

Nilikwenda Bangale mwenyewe. Njia mbovu, siku mbili mchangani, na nilipofika nikauliza kwenye maduka na kwenye visima. Nilipata Guyo Jilo wanne, wote wazima. Mama mmoja mzee alisema labda watu ninaowataka wamevuka kwenda mbali zaidi, labda wamekwisha. Nilirudi na vumbi mdomoni. Mkutano wa pili tulirudishwa vilevile. Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imebaki wiki tatu, na Zeinabu alikuwa ameanza kusema habari za kuolewa, kwa utani, lakini macho hayakuwa na utani. Niliogopa. Niliona maisha yake yanafungwa kwa sababu ya jina moja ambalo mimi, mjinga, sikuuliza.

Mkutano wa tatu nilikwenda kwa sababu tu ya kutoshinda nyumbani. Maswali yalikwenda kama kawaida. Jilo wa nani? Nikafungua mdomo kusema sijui, na Mwalimu akasimama.

"Namjua huyo Jilo," alisema. "Ni Jilo wa Buya, Buya wa Hiribae. Hiribae wa Dadho. Nimekula na Jilo huyo sahani moja."

Mwenyekiti akamuuliza, "Una hakika, Mwalimu?"

"Umewahi kunisikia nasema bila hakika?"

Nani angebisha? Mtu aliyerudisha beberu wa tajiri kwa sababu ya karatasi! Wakaandika, yeye akatia sahihi kama shahidi. Ofisi nzima ilinipa mkono. Mimi nilibaki nimesimama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ikiwa anamjua baba mkwe wangu, kwa nini aliniacha nikaenda Bangale? Na ikiwa hamjui, ni nani basi aliyesimama pale na sauti ya Mwalimu?

Wiki ile ile alijiuzulu kwenye kamati. Alisema macho yamechoka. Zeinabu alipata kitambulisho, akaenda chuoni, akamaliza. Mwalimu alirudi mashine namba tatu, lakini wale waliotaka kutoka kwa walioshuka na meli za mwanzo hakuwajibu tena. Alimtafuta Dina peke yake. Kila nilipogusa habari ya Jilo alisema, "Imeandikwa, imekwisha," na hapo ndipo tulipogombana mara ya tatu. Nilimwambia nina haki ya kumjua mkwe wangu. Alikusanya karatasi zake akahama siku nne nzima kwa mshindani wangu, ambaye kompyuta zake ni mbovu kuliko zangu.

Mwezi uliopita alianguka nyumbani kwake akavunjika nyonga. Majirani walimpeleka hospitali, wakanipigia mimi, sijui kwa nini mimi. Nilikwenda na Zeinabu, ambaye sasa ana kazi na alikuwa nyumbani kwa likizo. Mwalimu alikuwa amelala chali bila sweta, na nilishtuka kuona alivyo mdogo. Walitaka kumhamishia hospitali kubwa afanyiwe upasuaji. Muuguzi, kijana mpole mwenye haraka, alinipa mfuko wa Mwalimu nitoe kitambulisho chake wajaze fomu, naye akaenda kwa mgonjwa wa pili.

Mimi nimetoa nakala za vitambulisho vya nusu ya Garsen. Cha Mwalimu sikuwahi kukishika. Nilikisoma pale dirishani. Jina lake mwenyewe, ambalo sitaliandika, na baada yake: Buya Hiribae.

Nilikisoma mara tatu. Zeinabu alikuwa ametoka kununua maji. Nikainama karibu na sikio la mgonjwa.

"Mwalimu. Buya ni baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Kwa hiyo Jilo ni ndugu yako kweli? Baba yake Guyo wangu ni ndugu yako, na ulikaa kimya miaka yote?" Niliona miaka kumi na minne inageuka, mwanangu ana babu mdogo pale mashine namba tatu na hakuna aliyemwambia.

Alifumba macho. "Ndugu yangu Jilo tulimzika kabla hajaanza kuchunga ndama."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikakaa kwenye kitanda cha watu bila kuomba ruhusa.

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Wewe!"

"Mimi. Nilikuwa na jina limekaa bure, Mama Zeinabu. Halina mke, halina mtoto, halikudaiwa na mtu." Alipumua kwa shida. "Nilifikiri sana. Sijapenda mpaka leo."

Nilimwonea huruma na nilikasirika, vyote pamoja. Mahali fulani kaskazini ya Bangale kuna kaburi la Jilo mwingine, baba halisi wa mume wangu, na huyo mjukuu wake ameandikwa kwa watu wengine. Ni mimi niliyekubali. Niliposikia majina yale siku ile, si nilijua moyoni kwamba hayanihusu? Nilijua, nikapokea pongezi. Nilipoinua macho Zeinabu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya maji, na uso wake uliniambia amesikia yote. Nilitaka kusema kitu. Alitikisa kichwa, akafungua chupa, akamnywesha Mwalimu kidogo kidogo.

Muuguzi akarudi na fomu yake. "Bila sahihi ya jamaa gari haliondoki. Jamaa yake ni nani hapa?"

"Sina jamaa," Mwalimu alisema. "Hawa ni majirani. Andika jirani."

"Jirani hawezi kutia sahihi ya upasuaji, mzee wangu."

Zeinabu alitoa kitambulisho chake akakiweka juu ya fomu. "Andika mjukuu."

"Andika jirani," Mwalimu alisema tena, kwa ile sauti ya darasani, ila sasa ilikuwa imepasuka. "Binti, usiharibu karatasi za watu."

Yule kijana aliangalia kitambulisho kimoja, akaangalia kingine, akachanganyikiwa. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima niliyekuwa na miguu yote miwili. "Mama, mimi nina gari linangoja. Huyu msichana ni nani wake?"

Mwalimu alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba niukane undugu, na yalikuwa yanaogopa nitaukana.

"Mjukuu," nikasema. "Babu yake na huyu ni ndugu, baba mmoja. Leta kalamu, mimi ni shahidi."